Aliyeitumikia Manowari

Zuhura mwanangu,

Mama yako ameshakuandikia orodha ya vitu vya kubeba na kuibandika kwenye mlango wa friji ili usije ukasema hukuiona. Habari za soksi na mswaki mimi sina la kuongeza. Nina jambo jingine, na nimeona niliandike kwa Kiswahili, lugha unayoisoma polepole ukifuatisha kwa kidole, maana kwa Kiingereza nimeshakudanganya mara nyingi mno na ulimi umezoea.

Sasa hivi ni baada ya Alasiri. Umetoka na gari kwenda kuwaaga wenzako, mama yako yuko zamu, na mimi nimekaa jikoni na kalamu ya kuazima kutoka kwenye begi lako la shule la zamani. Ukirudi nitakupa barua hii mkononi. Nilifikiria kuitia katikati ya nguo zako uikute huko kambini, kisha nikajiona mwoga. Kesho asubuhi utainua mkono uape kuwa mwanamaji. Nataka uwe umeisoma kabla mkono haujapanda.

Jambo lenyewe ni hili. Babu yangu Athumani hakuwa baharia. Hakufanya kazi hata siku moja ndani ya ile manowari ya Wajerumani. Alikuwa dobi wa Mombasa, na meli ilipotia nanga alifua nguo za waliokuwamo. Bi Rukia alisema kweli tupu siku ile ya Jumamosi. Mwongo alikuwa mimi, baba yako, na nilijua nasema uongo.

Nimeshalitoa. Nilidhani nikilitoa nitapumua vizuri, na bado.

Unaikumbuka Jumamosi kama ulivyoiona wewe. Wacha nikwambie nilivyoiona mimi. Watu wamejaa besimenti ya Hamisi, ule ukumbi wa chini ya nyumba, kule Blaine, biriani imepakuliwa, watoto wanakimbizana kwenye ngazi. Wakakwambia useme mawili matatu. Ukasimama, ukaona haya kidogo kama kawaida yako, ukasema, "Watu wananiuliza, why the navy, Zu? Nawaambia, iko kwa damu. My great-grandfather Athumani served on a German warship." Makofi yakapigwa. Mimi nilipiga kuliko wote.

Ndipo Bi Rukia, mama yake Hamisi, aliyekuwa kwenye kochi na blanketi magotini, akauliza kwa furaha, "Athumani yupi? Athumani dobi? La, mwanangu, yule hakupanda meli. Nguo zao zililetwa uani kwetu. Mama yangu ndiye aliyezipiga pasi."

Alikuwa akitabasamu, mwanangu. Alidhani anakupa zawadi ya safari. Wewe ukageuka, kwa adabu, ukamwambia, "No, Bibi, he was on the ship." Kisha ukaniangalia. "Baba, tell her."

Watu wote wakanitazama. Nikasema, "Bi Rukia kachoka. Umri huo, mambo huchanganyika."

Ilikuwa rahisi ajabu. Mtu mmoja akacheka, kisha wa pili. Hamisi akamtoa mama yake kikombe cha chai mkononi, pole pole, kama anavyotolewa mtoto atakayekimwaga. Bi Rukia akasema, "Haya," na hakusema tena neno mpaka tulipoondoka. Garini uliniuliza, "Is she okay? Ni dementia?" Nami, nikiwa nashika usukani kwa mikono miwili kama dereva mwema, nikajibu, "Labda." Kwa neno hilo nilimtia mama wa watu ugonjwa asiokuwa nao.

Sasa utauliza nimeanzaje. Nimeanza na neno ambalo wala si la uongo.

Pale kwetu Mombasa, baba yangu alikuwa karani bandarini, mtu wa shati na kalamu mfukoni. Wageni wakija alipenda kuleta bati la biskuti, ndani yake mna karatasi iliyokunjwa mara nne na kufungwa kwa nailoni. Kilikuwa cheti alichopewa babu na afisa wa manowari ile, kimeandikwa Kijerumani kwa mkono, na hakuna aliyejua kukisoma. Baba alikuwa akikiinua na kusema, "Mzee wangu aliitumikia manowari ya Wajerumani." Wageni waliitikia kwa heshima. Babu mwenyewe, akiulizwa, alisema, "Naam, niliitumikia," akaendelea kunywa kahawa yake.

Utaona, alikuwa akisema kweli. Aliitumikia. Mtu hutumikia jeshi, hutumikia tajiri, hutumikia meli. Kiswahili hakikulazimishi kueleza ulikuwa umesimama wapi ulipokuwa ukitumika. Babu hakusema uongo hata siku moja. Sisi ndio tuliomsikia tulivyotaka, na baba akatuachia tusikie hivyo.

Nilipokuwa na miaka kama kumi, shuleni waliniita kwa kejeli mtoto wa dobi, bila kumjua babu. Harufu ya sabuni na wanga haikunitoka, na shati langu lilikuwa na mistari ya pasi iliyonyooka kuliko ya mwalimu. Nikalitumia lile neno kama ngao. "Babu yangu aliitumikia manowari." Kwa siku kadhaa nikawa mtu. Vijana wakanizunguka wakati wa mapumziko wakiniuliza mizinga ilikuwa mikubwa kiasi gani, nami nikawapimia kwa mikono.

Siku moja ya sherehe nilisahau shati langu jeupe nyumbani. Nimesimama na wale vijana karibu na lango, naona babu anakuja, mzee wa miaka sabini, amelilaza shati juu ya mkono kama madobi wanavyobeba, lisiguse mwili. Mmoja akaniuliza, "Nani yule?"

Nikasema, "Dobi wetu."

Babu alikuwa ameshafika. Alisikia. Nilimwona alivyosikia. Akanyoosha mkono akanipa lile shati, akasema, "Nguo yako hii, bwana mdogo," akageuka akaenda zake.

Mwanangu, huyo mzee alinisaidia kumkana. Aliona nimejifunga fundo, akalikaza yeye mwenyewe ili lisifunguke mbele ya wenzangu. Nyumbani hakuligusia. Kila wiki aliendelea kunipigia pasi mashati, kola kwanza, kisha mikono, mpaka alipofariki nikiwa sijaingia sekondari. Sikumwomba radhi. Nilikuwa nikijiambia kesho, na nilikuwa mtoto, lakini si mtoto mdogo kiasi hicho.

Ungedhani mtu akishaonja aibu ya namna hiyo hatarudia. Mimi nimeirudia nikiwa na mvi.

Ulipokuwa na miaka kumi na tatu, mwalimu aliwaambia mlete kitu cha zamani cha familia. Nikakupa kile cheti. Ulikuwa na furaha mpaka nikaogopa, ukataka kijulikane kimesema nini. Nikakipeleka kwa Walter, mzee jirani, yule aliyekuwa akituondolea theluji kwa mashine yake kabla hajahamia kwa bintiye. Utotoni, bibi yake alimfundisha Kijerumani cha zamani kwa kumsomesha Biblia shambani. Tulisimama garajini kwake mchana wa jua kali na baridi kali, akavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, akasoma. Kisha akasoma tena, taratibu, akinitafsiria.

Kilisema kwamba mwenye karatasi hii, Athumani, ameihudumia meli kwa siku tisa kwa kufua na kunyoosha nguo nyeupe za vijana wanaosomea uafisa. Kwamba ni mwaminifu na ana mikono safi. Kwamba mashuka na kola zilirudi zote kamili, na anapendekezwa kwa meli yoyote itakayotia nanga.

Walter akavua miwani akaniambia, "Well, that's a fine thing to have." Alisema kwa moyo. Watu wake walikuwa wakulima, hakuona dosari yoyote katika mtu kusifiwa mikono. Mimi nilikikunja kile cheti nikahisi uso unawaka.

Ulikuwa unanisubiri mlangoni, miguuni umevaa soksi tu. "Kinasema nini?"

"Kinasema aliitumikia meli."

Wewe, mtoto wa huku, Kiingereza chako kinataka kila kitu kikae mahali pake. Ukaandika kwenye daftari, ukasimama, ukauliza, "Served the ship, or served on the ship?"

Aliitumikia meli, au alitumika ndani yake: tofauti ni neno la herufi mbili. Nikasema, "On."

Ukaliandika. Ukapata zawadi. Bango lako likakaa ukutani shuleni mpaka likizo, na mimi nikaja usiku wa wazazi nikapigwa picha mbele yake. Mama yako hakutaka kusimama kwenye picha. Alikuwa ameshakisia, na Walter akamthibitishia bila kujua walipokutana kwenye masanduku ya barua. Akaniambia, "Mwambie mtoto kabla hajaambiwa." Kila mwaka alirudia, na kila mwaka nilikuwa na sababu.

Kisha ukaanza kuniuliza habari za meli. Ilijengwa lini, ilikwenda wapi, ilibeba nini. Ikabidi nisome. Nilikwenda maktaba, nikasoma kwenye simu wakati wa chakula kazini, nikawa mtaalamu wa manowari ile kuliko ninavyoijua historia ya nyumba yetu. Kila nilichokisoma nilikuletea, isipokuwa vile nilivyovificha.

Nilikwambia, na hii ni kweli, kwamba Wajerumani walikuwa wameshindwa vita vya kwanza na kunyang'anywa manowari zao, wakaruhusiwa kubaki na chache, nyepesi. Kwamba hawakuwa na vita vya kupigana, basi wakaigeuza meli ile shule. Vijana wapya walipakiwa wakazungushwa dunia, bandari hadi bandari, bendi ikipigwa juu ya sitaha, wenyeji wakialikwa kupanda kutazama mizinga iliyong'arishwa, mpira ukichezwa na timu za bandarini. Ulilipenda sana hilo la mpira. Nilikuwa nikikusimulia kana kwamba babu alikuwa kipa.

Sikukwambia kilichokuja baadaye. Katikati ya miaka yake ya safari, bendera ya meli ile ilishushwa ikapandishwa nyingine, ile yenye msalaba uliopinda. Meli ni ile ile, mizinga ile ile, na bila shaka nguo nyeupe ziliendelea kufuliwa na madobi wa kila bandari. Vijana waliokuwa wakijifunza wakawa maafisa wa watu waliokuja kuua mamilioni. Vita vya pili vilipoanza meli ilikwenda kupigana, na haikuvuka vita hivyo salama. Uliponiuliza iliishia wapi, nilikujibu kwamba ilizeeka. Ulikuwa umeichora ukutani mwa chumba chako, nami nilikuwa nikipita pale kila asubuhi kukuamsha.

Babu hakujua ni nguo za kina nani, wala watakuja kuwa nani. Alipewa mafurushi akayafua. Mimi nilijua yote mawili, kwamba hakuwa ndani ya meli na kwamba meli yenyewe si ya kujivunia hivyo, na bado nilikuacha uijenge nyumba yako juu yake. Ulipokuja kutuambia umezungumza na watu wa jeshi la majini, mama yako alilia, na mimi nilisema, "Damu ni damu." Nakumbuka nilivyojisikia mtu mzima nilipolisema. Nilistahili kunyamazishwa.

Kuna siri nyingine, na hii wewe unaijua nusu. Unajua nafanya kazi kwenye kile kiwanda cha Plymouth, na ukiulizwa baba anafanya nini unasema "hospital linen services". Hilo jina nilikupa mimi. Mashuka ya mahospitali yanakuja kwa malori, tunayapanga, tunayaingiza kwenye mashine zenye ukubwa wa chumba, tunayakausha, tunayanyoosha, tunayakunja. Kila moja lina kialama cha kompyuta kilichoshonwa pembeni ili lisipotee. Kazi hiyo ina jina kwa Kiswahili na sijawahi kulitamka ndani ya nyumba hii. Mama yako peke yake, akinikasirikia, husema, "Si udobi tu huo, Salim? Una ubaya gani?" Nami hutoka nje kuangalia gari ambalo halina tatizo.

Kiingereza kimenifaa sana katika maficho yangu. Nimeishi humo kama mpangaji asiyetaka kujulikana.

Jumatatu nilipotoka kazini sikugeuka kurudi nyumbani, nilinyoosha mpaka Blaine. Hamisi hakuwapo. Mkewe akanifungulia, akanipeleka jikoni alikokuwa Bi Rukia akichagua mchele, kazi ambayo mchele wa huku hauihitaji, lakini amekataa kuiacha.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba. Umekuja kutazama kichwa changu kama kimepona?"

Nilitaka sakafu inimeze. Nikasema, "Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini? Itaje. Mimi nachanganya mambo, usije ukaomba ya mwingine."

Akanifanya niitaje. Kwamba babu yangu alikuwa dobi, kwamba nilijua, kwamba nilimwita yeye mgonjwa wa akili mbele ya wajukuu zake ili mwanangu asinigundue. Alinisikiliza bila kuacha mchele wake. Nilipomaliza akaniambia nikae, akaanza kunisimulia kile alichotaka kukusimulia wewe.

Yeye hakuwa amezaliwa meli ilipokuja. Alihadithiwa na mama yake, na amekulia kwenye ua ule ule. Nguo zilikuja kwa mkokoteni, mafurushi kwa mafurushi, na siku zilikuwa tisa tu. Babu alizipokea moja moja akazitia alama kwa wino ndani ya kola, mahali ambapo mvaaji haoni. Kila dobi alikuwa na alama yake, na yake ilikuwa nukta tatu na mstari. Pasi zilikuwa za mkaa, na babu peke yake asingeweza, basi akawaita kina mama wa mtaa. Mama yake Bi Rukia, Mwanaasha, ndiye aliyeachiwa kola, kwa sababu kola ikiungua huna la kuwaambia Wajerumani. Alikuwa na mimba ya kaka mkubwa wa Bi Rukia. Alikuwa akipiga pasi amesimama, na mguu mmoja ukivimba anahamia mwingine.

Siku ya mwisho babu alipeleka furushi la mwisho akapewa kile cheti. Hakuruhusiwa kupita ngazi. Alikipokea amesimama ngazini, wenyeji wenye viatu wakimpita kwenda kutazama mizinga.

"Mama yangu hakuandikwa kwenye ile karatasi," akasema Bi Rukia. "Sikudai aandikwe. Nilitaka nimtaje tu, mara moja, mbele ya mtoto anayekwenda kuvaa nguo kama zile."

Nikamwomba tena anisamehe.

"Nimekusamehe, kuna nini? Nimekujua ukiwa na kamasi. Lakini wewe, Salim, umenivunjia heshima ukumbini na umekuja kuniomba radhi jikoni." Akapepeta mchele. "Wanasema mkataa kwao mtumwa. Wewe umekataa kwenu, ukaona haitoshi, ukakataa na kwetu."

Nimelibeba neno hilo tangu Jumatatu, na kazini nimekunja mashuka nikilisikia.

Huko uendako, nimesoma, watakupa nguo na kukufundisha kuziandika jina lako kwa wino, ndani, kila moja. Watakufundisha kuzikunja kwa kipimo. Utafua, utanyoosha, na utakemewa kwa kunyanzi moja. Nilipokuwa nikisoma nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Mambo yote hayo ningeweza kukufundisha. Elimu hiyo ninayo mikononi tangu kwa babu, na katika miaka kumi na tisa sikukuonyesha hata namna ya kushika kola, nisije nikaonekana najua. Ulikuwa ukipeleka gauni lako la Idi kwa watu kunyooshwa, mimi nikilipia, huku nikiona mistari waliyoikosea.

Sina hekima nyingi ya kukupa. Niliyonayo nimeipata kwa kuchelewa. Uongo niliousema haukunifanya mkubwa siku hata moja. Ulinifanya mtu wa kusikiliza milango, nani amejua, nani atasema. Kila aliyemjua babu alinikuwia adui. Mzee kama Bi Rukia, ambaye angekuwa bibi yako hapa ugenini, nilimpita mbali kwenye sherehe za Idi miaka yote hii, na wewe ulidhani hatuna mazoea naye. Hilo nimekunyima na siwezi kulirudisha kwa barua.

Kuhusu kesho. Sitakwambia uende wala usiende. Najua utasema uamuzi ni wako na una sababu zako, nami natumaini unazo. Lakini nimekuwa nikijiuliza ni ngapi kati ya hizo nilizipanda mimi garini, mezani, usiku ukiwa huwezi kulala unataka hadithi ya meli. Ukikaa na nafsi yako ukaona bado unaitaka bahari, nitakupeleka asubuhi na nitasimama pale mpaka waniambie niondoke. Ukiona huitaki, niambie hata kama tumeshafika mlangoni, tutarudi nyumbani na sitauliza swali. Mama yako ndiye atakayeuliza, na nitamzuia.

Halafu kuna leo. Watu watakuja kula hapa baada ya Magharibi. Nimewaalika wote waliokuwa Blaine, na wanadhani ni chakula cha kukuaga mara ya pili. Hamisi amenitania akiuliza kama wewe ni msafiri au ni bibi harusi, hata uagwe mara mbili. Bi Rukia anakuja. Kabla ya kupakua nitasimama niseme kwamba babu yangu alikuwa dobi, kwamba mimi ni dobi, kwamba Mwanaasha binti wa watu alipiga pasi zile kola, na kwamba Bi Rukia ana akili timamu kuliko mimi. Nimejaribu kulisema mbele ya sinki mara tatu. Mara mbili sauti imekwama kwenye neno lile lile.

Ndiyo maana nimekuandikia kwanza. Sikutaka ulisikie pamoja nao, ukiwa umesimama na jagi la maji, halafu uone haya kwa kosa ambalo si lako.

Ukitaka kubaki chumbani, baki, sitatuma mtu kukuita. Ukitaka kutoka na gari, ufunguo unao. Ukija ukumbini, nina ombi moja tu. Nakujua, una moyo mwepesi, utaniona natetemeka na utataka kuniokoa. Usinitetee. Mtu akicheka, mwache acheke. Jumamosi walipomcheka Bi Rukia mimi nilikuwa na sahani mkononi, na niliendelea kula.

Baba yako,
Salim